Umeteleza Mara Moja? Una Saa 72

Desemba Uchagani ni kutamu, asikudanganye mtu. Kuanzia tarehe 20 hivi mabasi kutoka Dar yanapanda yamejaa, magari madogo yanafuatana kama siafu mpaka Himo, na Moshi mjini hupati pa kuegesha. Kila mwenye kwao Machame, Kibosho, Marangu au Rombo yuko nyumbani. Mchana ni ndafu, mtori na mbege za wazee. Usiku vijana wanashuka mjini kujirusha. Mliosoma pamoja sekondari mnakutana tena, safari hii kila mtu ana kazi yake, ana simu kali, na wengine wana pete kidoleni.

Sasa tuseme ni wewe. Ni usiku wa Boxing Day kuamkia tarehe 27, saa nane usiku, na uko na mtu uliyemfahamu tangu kidato cha pili. Kondomu hakuna aliyeiulizia. Mlikwenda peku, kama wasemavyo vijana. Mwenzi wako amebaki Dar, kazini hawakumpa likizo. Asubuhi unaamka kijijini, mama anakuita chai, Kibo imetokeza nyeupe bila wingu hata moja, na wewe chai haipiti.

Makala haya ni ya asubuhi hiyo. Mahubiri tunawaachia padre na mchungaji, ambao msimu huu wana kazi ya kutosha.

Jambo moja limetushangaza kwa muda mrefu. Asubuhi kama hiyo, dada wa mjini anakumbuka P2. Anajua ina muda wake, anajua kila duka la dawa linayo, na wakati mwingine kaka mwenyewe ndiye anayetumwa kuinunua. Mimba inazuiwa. Halafu wote wawili wanakaa wanaombea na mambo mengine yapite salama, wakati kwa VVU pia kuna dawa ya asubuhi ile, na nayo ina saa zake.

Kuna saa mbili ukutani

Tatizo la watu wengi ni kwamba wanachanganya muda wa kutenda na muda wa kujua. Muda wa kutenda ni mfupi, saa 72 tu. Muda wa kujua ni wiki kadhaa. Mwenye hofu kawaida anafanya kinyume. Siku ya pili anakimbilia kupima, anaambiwa hana, anashangilia, anapanda basi kurudi Dar. Kumbe kipimo kile kimemweleza habari za miezi iliyopita, hakijui chochote kuhusu juzi. Na lile ambalo lingemsaidia juzi, hakuliuliza.

Tuanze na saa 72. Dawa zinazozuia maambukizi baada ya tukio zinaitwa PEP. Virusi vikishaingia mwilini kupitia ngozi laini ya ukeni au ya uume, vinahitaji muda kidogo kujizalisha na kusambaa kabla ya kujenga makao ya kudumu. PEP inavifungia mlango katika muda huo. Vikishajenga, hakuna dawa ya leo inayovitoa vyote.

Ushahidi wake ulianza kwa manesi na madaktari waliojichoma sindano zenye damu ya wagonjwa. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo kwamba waliomeza dawa ya zidovudine baada ya ajali hiyo walikuwa na hatari ndogo kwa takriban asilimia 81 kuliko ambao hawakumeza. Mwaka uliofuata ukaja utafiti wa nyani: walioanza dawa ndani ya saa 24 na kuendelea siku 28 walinusurika wote. Waliocheleweshwa hadi saa 48 au 72, au waliokatishwa siku chache baada ya kuanza, hawakunusurika wote. Ndiyo maana utaambiwa mambo mawili ukifika kituoni: anza leo, na usiache kabla ya siku 28. Saa 72 ni mwisho wa mstari. Anayefika saa ya tano ana nafasi nzuri kuliko anayefika saa ya 70.

Hesabu basi. Kwa mfano wetu, saa zinaisha saa nane usiku wa kuamkia tarehe 30. Katikati hapo kuna kuku wa kuchinjwa kwa shangazi, kuna kipaimara cha mtoto wa kaka, na kuna basi la Dar ambalo peke yake linakula mchana mzima. Ukisema "nitashughulikia nikifika Dar", zimekwisha.

Usijipimie kwa macho

"Lakini ni mara moja tu!" Kweli, na tuwe wakweli na hesabu zake. Kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kinakadiria hivi: mwanamke akilala bila kondomu na mwanaume mwenye VVU asiyetumia dawa, virusi vinapita mara 8 hivi katika kila mara 10,000. Mwanaume akilala na mwanamke mwenye VVU, mara 4. Kwa anayeingiliwa kinyume na maumbile inaruka hadi 138.

Usishangilie bado. Mwaka 2009 wataalamu walijumlisha tafiti za nchi maskini na nchi tajiri, na kwa nchi za kipato cha chini wakapata namba za juu zaidi: kama 30 kwa 10,000 kutoka kwa mwanaume kwenda kwa mwanamke, na 38 kutoka kwa mwanamke kwenda kwa mwanaume. Kidonda cha ugonjwa wa zinaa kinaongeza hatari. Kama mwenzako mwenyewe ameambukizwa wiki chache tu zilizopita, virusi vimefurika mwilini mwake na hatari inapanda mara kadhaa. Michubuko nayo imo. Wastani ni wa watu elfu kumi, wewe haukujui.

Wanaume wa mlimani wanapenda kujitetea na jando. Wana sehemu ya hoja. Majaribio matatu yaliyofanyika Afrika Kusini, Kisumu na Rakai, na matokeo yake kutolewa kati ya 2005 na 2007, yalionyesha kwamba tohara inapunguza kwa karibu asilimia 60 uwezekano wa mwanaume kuambukizwa na mwanamke. Imepunguza, haijafuta. Na yule dada uliyekuwa naye, tohara yako haikumpa kinga hiyo.

Halafu kuna kipimo cha macho, ambacho naona kimeua watu wengi kuliko ujinga. "Ana mwili." "Anaimba kwaya." "Ametoka familia inayoeleweka." Utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulikuta watu wazima 4.4 katika kila 100 Tanzania wanaishi na VVU. Kati ya hao wenye VVU, kama 83 tu katika kila 100 ndio walikuwa wanajua hali zao. Waliojua, karibu wote walikuwa kwenye dawa, na wengi wa waliokuwa kwenye dawa virusi vyao vilikuwa vimefubazwa.

Soma tena hapo, maana panageuza mambo. Mtu anayekwambia "mimi natumia ARV, na kipimo changu cha wingi wa virusi kinasoma havionekani" anaweza kuwa salama kuliko wote uliocheza nao muziki usiku ule. Utafiti wa PARTNER wa Ulaya ulifuatilia wapenzi ambao mmoja ana VVU, yuko kwenye dawa na virusi vimefubazwa, na wanalala bila kondomu. Mwaka 2016 ulitoa hesabu: zaidi ya mara 58,000, na hakuna hata aliyeambukizwa na mwenzi wake huyo. Wa kumwogopa ni yule anayesema "mimi niko safi" na mara ya mwisho kupima hakumbuki. Mara nyingine huyo ni wewe mwenyewe.

Kwa hiyo mpigie simu. Najua, ni simu ngumu. "Mambo? Samahani, jana hatukutumia kinga. Wewe ulipima lini?" Jibu lake litamsaidia mhudumu kuamua, hasa kama yuko tayari kwenda kupima leo hii. Ila usikae kusubiri arudishe meseji. Dozi ya kwanza inaweza kuanza, na ikionekana haihitajiki unasimamishwa.

Mlangoni hospitali

Moshi mtu huwezi kusema hukujua pa kwenda. Mawenzi, hospitali ya rufaa ya mkoa, iko mjini hapo hapo. KCMC, iliyofunguliwa 1971, iko juu kidogo ya mji. Mlimani kuna Machame, Marangu, Kibosho, Kilema, na Huruma kule Rombo. Unachoulizia ni CTC, kliniki ya tiba na matunzo. Kliniki hizi nyingi zinafuata saa za ofisi, basi kama ni sikukuu au usiku nenda mapokezi ya dharura ya hospitali na useme neno lenyewe, PEP. Vituo vidogo vinaweza kukosa, na ukikosa uliza kwingine siku hiyo hiyo. Tangu Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, huduma nyingi za mtaani zilizotegemea miradi ziliyumba, kwa hiyo lile hema uliloliona stendi mwaka juzi usilitegemee.

Kinachowazuia watu ni aibu ya pale dirishani. Lakini mazungumzo yenyewe ni mafupi, na huenda hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unasumbuliwa na nini?"

"Siumwi. Juzi usiku nimelala na mtu bila kinga. Nimekuja kuulizia PEP."

"Juzi saa ngapi?"

Swali la kwanza ni saa. Nani na kwa nini yatafuata, na mengine hayatafuata kabisa. Ukikutana na mhudumu anayeanza na mahubiri, au anayesema PEP ni ya waliobakwa na wafanyakazi wa hospitali tu, omba kwa upole kuonana na daktari au mshauri nasaha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani tangu 2014 haubagui jinsi mtu alivyokutana na hatari. Na kama kweli ulilazimishwa, sema. Una haki ya matibabu hayo na mengine zaidi, na dawa isisubiri karatasi za polisi.

Watakutoboa kidole kwanza. Usiseme "si mlisema mapema mno?" Kipimo hicho cha siku ya kwanza kinatafuta kama ulikuwa na VVU kabla ya juzi, maana mwenye VVU tayari hahitaji PEP, anahitaji matibabu kamili. Omba pia wakuangalie kaswende na magonjwa mengine ya zinaa, na uulizie chanjo ya homa ya ini B. Dada ambaye bado hajameza P2, hapo hapo ni pa kuizungumzia.

Dawa zenyewe ni ARV, zile zile ambazo mpango wa taifa umekuwa ukizitoa bure tangu 2004. Siku hizi kwa kawaida ni kidonge kimoja kwa siku kilichobeba dawa tatu. Wengine wanapata kichefuchefu, kichwa kuuma, au usingizi kukatika siku za mwanzo. Kama unatumia vidonge vya madini ya chuma, kalsiamu au dawa ya kiungulia, mwambie mhudumu, kwa sababu vinaweza kuzuia dawa isiingie vizuri mwilini na itabidi vipishane kwa saa kadhaa. Pombe haiharibu dawa, inaharibu kumbukumbu ya kuimeza, na Desemba tunajuana.

Na tafadhali, dada zangu: habari za kujiosha ndani kwa ndimu, sabuni ya unga au dawa ya kuua vijidudu, acheni. Zinachubua, na mchubuko ndio mlango wenyewe.

Wiki za kusubiri

Sasa ule muda mrefu. Kipimo cha haraka cha kidoleni hutafuta askari ambao mwili umewatengeneza dhidi ya virusi, na mwili hauwatengenezi kwa siku moja. Kwa baadhi ya watu wanaonekana baada ya wiki tatu, na kwa karibu wote wanakuwa wameonekana ifikapo miezi mitatu. Huo ndio unaoitwa kipindi cha mpito, au dirisha. Vipimo vya maabara vinavyotafuta na kipande cha kirusi chenyewe huona mapema zaidi, ndani ya siku 18 hadi 45 hivi.

Utarudi baada ya wiki sita hivi, kisha miezi mitatu. Kama ulimeza PEP, muulize mshauri wako miezi hiyo anaihesabu kuanzia tukio au kuanzia kidonge cha mwisho, kwa sababu dawa zinaweza kuchelewesha kipimo kuona. Kipimo cha kujipima mwenyewe kwa kufuta ufizi, ambacho sheria yetu imekiruhusu tangu marekebisho ya 2019, ni kizuri kwa mtu anayetaka faragha, lakini hakifai kuamua mambo katika wiki hizi. Kikionyesha mistari miwili wakati wowote, hilo bado si jibu la mwisho. Linathibitishwa kituoni.

Homa? Watu wengine walioambukizwa wanapata homa, vidonda vya koo na vipele wiki mbili hadi nne baadaye. Wengine hawapati chochote. Na malaria, mafua na hofu yenyewe vinaleta hayo hayo. Usijitafute dalili kwenye kioo kila asubuhi. Ila ukiwaka homa kweli, rudi kituoni na uwaeleze ya Desemba.

Kuna wajanja wanaokwenda kuchangia damu ili wapimwe kimya kimya. Moshi ndiyo makao ya kituo cha damu salama cha Kanda ya Kaskazini, na damu hiyo inapelekwa kwa mama anayejifungua na mtoto mwenye upungufu. Ukiwa ndani ya dirisha, damu yako inaweza kupita kwenye kipimo ikiwa na virusi. Hilo si jambo la ujanja kabisa.

Kuhusu siri, sheria ya UKIMWI ya 2008 inasema upimaji ni wa hiari na majibu ni yako. Hofu ya kuonwa kwenye foleni tunaielewa, kwa sababu Moshi ni mji ambao ukipiga chafya Majengo unaambiwa pole Rau. Lakini historia ya mji huu inaonyesha kwamba foleni hiyo inaweza kujaa. KIWAKKUKI, kikundi cha wanawake wa Kilimanjaro wanaopambana na UKIMWI, kilianza 1990, enzi ambazo ugonjwa ulitajwa kwa kunong'ona. Kwenye kituo chao cha kupima mjini, ada ilikuwa shilingi 1,000. Walipoiondoa kwa muda mfupi Desemba 2003, wateja wakapanda kutoka wastani wa 4.1 kwa siku hadi 15. Ada iliporudi, walibaki 7.1. Kumbe wengi walikuwa wanasubiri kisingizio tu. Na Julai 14, 2007, Rais Kikwete na Mama Salma walipima hadharani Dar es Salaam, taifa zima likitazama.

Kama jibu ni kwamba unao, tangu 2016 Tanzania haisubiri uugue ndipo uanze dawa. Unaanza mapema, na ukizimeza vizuri unafika kwa wale tuliowataja juu, wasioambukiza.

Na aliyebaki Dar?

Hapa ndipo wengi wanapokwama kuliko kwenye sindano. Mmekaa miaka miwili bila kondomu. Unarudi tarehe 2 Januari, yeye amekumiss, wewe una kopo la vidonge kwenye begi. Utasema nini?

Njia ya kwanza watu wanayochukua ni kutosema na kuendelea kama kawaida. Hii hatuiungi mkono hata kidogo, kwa sababu mwenzi hakuwepo Moshi usiku ule na sasa anabebeshwa hatari bila kuulizwa. Ya pili ni uongo mdogo: "nina fangasi, daktari kasema tutumie kinga." Inamlinda yeye, hilo tunalikubali. Lakini fangasi ya miezi mitatu haijawahi kuonekana, na kopo la ARV kwenye droo likionwa kabla hujasema, atafikiri kubwa kuliko lililotokea.

Ya tatu ni kusema. Si kwa meseji, wala si katikati ya ugomvi mwingine. Na mwanamke anayejua mwenzi wake ana mkono mwepesi asiseme akiwa naye peke yake; washauri nasaha wa CTC wamezoea kuwaita wawili na kusaidia maneno yatoke. Ukiwa salama, maneno machache yanatosha: "Nilikosea nikiwa nyumbani. Nilikwenda hospitali siku ya pili, natumia dawa za kuzuia. Mpaka nipime mara ya mwisho, tutumie kondomu." Atalia, atafoka, atarudi kwao wiki nzima. Wengine hawarudi. Hiyo tusikufiche.

Aliyeanza dawa tarehe 28 Desemba anameza cha mwisho tarehe 24 Januari. Mwanzoni mwa Februari kuna kipimo cha katikati. Cha mwisho kinaangukia mwishoni mwa Machi au Aprili, masika imeshaanza, na kama mna harusi mwaka huu, huenda mchungaji naye ameshawatuma mkapime. Muombe mwenzi wako mwende pamoja, na yeye apime, kwa sababu mpaka hapo tumehesabu makosa ya mmoja tu. Chumba cha ushauri nasaha kina viti viwili upande wa wateja. Nani atatangulia kutoa kidole, mtajua wenyewe mkishakaa.